Jinsi ya kufunga mwamba wa pweza, na jinsi ya kuufungua

Mkutano wa kwanza wa kufunga mwamba kijijini kwetu, yaani kuzuia watu wasivue hapo kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, uliitishwa saa nne asubuhi, mwezi ukiwa na siku kumi na sita. Anayeijua bahari ya Mtwara ameshaelewa kosa liko wapi. Siku hiyo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na saa nne ndiyo saa ambayo maji yamekupwa hadi mwisho. Wanawake wote wanaoishi kwa pweza walikuwa juu ya mwamba, kanga zimefungwa viunoni, mti wa kuchokolea mkononi. Waliokaa chini ya mkungu kwenye mkutano walikuwa wanaume, na wengi wao ni wazamiaji wanaokwenda na ngalawa kwenye miamba ya mbali. Tuliporudi saa saba na ndoo vichwani tukaambiwa kijiji kimeamua, mwamba umefungwa. Tukauliza, mwamba gani? Huo huo mliotoka.

Wakati ule sikuwa na wadhifa wowote. Sasa ni katibu wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na bahari yetu, na tumeshafunga na kufungua mara nne. Mara ya kwanza tuliharibu karibu kila kitu. Wanawake wa vijiji vingine, kutoka upande wa Sudi hadi Msimbati, hunipigia simu kuuliza tunafanyaje, na kila mmoja huishia kupata nusu ya maelezo kwa sababu salio limekwisha. Hapa nitaeleza kwa kirefu.

Kwanza ujue kwa nini pweza

Pweza wa miamba yetu hafikishi miaka miwili. Anakua haraka mno: wa nusu kilo akiachwa ale kaa wake kwa utulivu, baada ya mwezi mmoja au miwili unamkuta uzito umeongezeka maradufu. Jike hutaga mara moja tu maishani, mayai maelfu kwa maelfu, huyalinda tunduni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Watoto huelea baharini wiki kadhaa ndipo watue mwambani. Kwa hiyo miezi mitatu ya kumwacha inatosha wewe mwenyewe uone tofauti kwenye ndoo yako. Ukifunga miezi mitatu kwa ajili ya chewa au kambakochi utasubiri bure. Wale wanataka miaka.

Sisi hatukulibuni jambo hili. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walifunga mwamba wao mwaka 2004, na mtindo ukaenea. Songosongo kule Kilwa wamefanya, Mafia pia.

Lakini usiwaambie watu kwamba kufunga mwamba kunatibu kila kitu. Kama baruti bado inalia kwenu, anzeni na baruti. Kama wavu wa kokoro unaburuzwa juu ya majani ya bahari, au mtu anatia utupa, ile sumu ya kulevya samaki, kwenye madimbwi, pweza wenu hatakuwa na mwamba wa kurudi. Wazee wetu upande wa Mikindani walichimba matumbawe na kuyachoma kupata chokaa, na mimi mwenyewe nimelala utotoni kwenye nyumba iliyopakwa chokaa hiyo. Na mwaka 1998, bahari ilipopata joto lile la El Niño, nilikuwa darasa la tatu. Bibi yangu alinishika mkono akanionyesha matumbawe meupe kama muhogo uliomenywa. Akasema, "Mjukuu wangu, hili sijawahi kuliona." Joto kama lile halizuiwi na kijiji. Nondo tunayopasulia mwamba ili kumtoa pweza mmoja tunaishika wenyewe, na hiyo tunaweza kuiweka chini.

Daftari kabla ya mkutano

Hatua hii vijiji vingi huiruka, nami ningeambiwa nichague moja tu ya kuwasisitizia, ningechagua hii. Kwa bamvua mbili nzima kabla hamjaitisha mkutano wowote, mtu mmoja akae ufukweni na mizani ya kuning'iniza na kauntabuku. Asiulize mtu amepata nini. Apime. Aandike siku ya mwezi, mwamba aliotoka mvuvi, saa alizokaa majini, idadi ya pweza, na uzito wa mmoja mmoja. Uzito wa ndoo nzima haukwambii kitu, maana ndoo ya kilo nne inaweza kuwa na pweza wawili wakubwa au kumi na wawili ambao wangepaswa kuwa bado wanacheza.

Kanuni za Uvuvi za 2009 zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Sisi tulipomaliza bamvua mbili, zaidi ya nusu ya pweza waliopita kwenye mizani hawakufikia hapo. Nilisimama mkutanoni nikasoma daftari ukurasa kwa ukurasa, bila kutaja jina la mtu. Mzee mmoja aliyekuwa akipinga kufunga tangu mwanzo alinyamaza, kisha akaomba apewe daftari alishike mwenyewe. Alilipitia kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakusema amekubali, ila tangu siku hiyo hakupinga tena.

Na mkutano wenyewe uitisheni siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, jioni. Wakati wa maji mafu hakuna wa kwenda mwambani, wala hasara kwa mtu. Watu wa mwenyekiti wakisema ratiba ya ofisi hairuhusu, simameni imara. Uamuzi uliofanywa bila wanaotembea mwambani hautalindwa na wanaotembea mwambani.

Mwamba upi, na kiasi gani

Msifunge mwamba mzima. Robo ya eneo mnalovua ni nyingi, pungufu ya hapo si dhambi. Kuna mwamba wa kutembea na kuna mwamba wa kuzamia. Mkifunga wa kutembea tu, mmewafunga wanawake na watoto na wazee, na aliye na ngalawa anaendelea kama kawaida. Mara ya pili tulifunga vipande viwili, kimoja cha miguu na kimoja cha ngalawa, ndipo manung'uniko yakapungua.

Kipande kiwe na matundu ya kweli. Waulizeni kina mama watu wazima, wao wanayajua matundu kama vyumba vya nyumba zao. Mama mkwe wangu ana tundu moja analotembelea tangu kabla hajaolewa, na kila akitolewa pweza mmoja, baada ya siku chache mwingine anahamia. Kisha kiwe mahali panapoonekana kutoka kijijini. Mwamba mzuri uliojificha nyuma ya rasi mtaulinda kwa maneno tu. Mipaka ifuateni kwa vitu ambavyo mtoto anaviona, kwa mfano mlango wa maji au jiwe kubwa, na ufukweni mbuyu au mnazi uliopinda. Mpaka wa namba za setelaiti andikeni kwenye karatasi ya afisa, lakini mvuvi hatembei na karatasi.

Lini

Huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa kutoka nje hawalifikirii, nalo ni korosho. Kuanzia Oktoba minada inafunguliwa na pesa inaingia vijijini. Funga mwishoni mwa Septemba, watu wakiwa wanaokota korosho, na fungua kwenye bamvua ya kwanza ya Januari. Januari ndiyo mwezi wa sare na madaftari, na hakuna mzazi anayehitaji kushawishiwa kuhusu faida ya kuwa na pweza wakubwa mwezi huo. Angalieni pia Ramadhani imeangukia wapi, maana inasogea kila mwaka. Kufunga mwamba katika mwezi ambao kila nyumba inatafuta futari ni kuwatafutia watu sababu ya kuuvunja.

Si kila nyumba ina mikorosho. Kwetu wapo wajane ambao pweza ndiyo shamba lao pekee. Hao msiwaache na hotuba. Sisi tumewapa kazi ya mizani na daftari na sehemu ya ulinzi wa mchana, wanalipwa posho kutoka mfuko wa BMU. Ni posho ndogo, nakiri, na bado naipigania iongezwe.

Karatasi na majirani

Karatasi si nyingi. BMU inaandika pendekezo, linapita Halmashauri ya Kijiji, linathibitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na muhtasari wenye saini unakwenda kwa Afisa Uvuvi wa wilaya. Mkitaka faini ishike mbele ya sheria, iwe ndani ya sheria ndogo ya kijiji iliyoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Anzeni mapema, inachukua muda. Kama kijiji chenu kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000, nendeni kwa watu wa hifadhi kabla ya yote.

Kazi ni majirani, na wageni wa dago, yaani wavuvi wa mbali wanaopiga kambi ufukweni kwa msimu. Barua kwa kijiji jirani ni adabu tu. Mkubaliane uso kwa uso, BMU zote mbili, kwenye mwamba wenyewe kama inawezekana. Dagoni nilikwenda mwenyewe na mzee mmoja wa kijiji, jioni, wakati wanapika. Tulisalimia, tukakaa, tukapewa chai, ndipo tukasema lililotuleta. Nahodha wao alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mama, mpaka wenu unaonekana kwa macho au ni wa karatasini?" Nilikuwa sina jibu. Tulikuwa hatujaweka boya hata moja.

Maboya

Basi maboya yafanyeni hivi. Tafuteni madumu ya lita ishirini. Dumu zima litaibwa, kwa sababu kila nyumba inahitaji dumu la maji. Litoboeni, na kwa kuwa lililotobolewa litazama, lijazeni vipande vya ndala zilizokufa. Ufukwe umejaa ndala zilizoletwa na mawimbi. Watoto wetu wa shule waliokota magunia matatu kwa asubuhi moja, na ufukwe ukasafika. Dumu lililoshindiliwa ndala haliwezi kuzama wala hakuna mtu atakayelitaka. Lipakeni rangi nyekundu, fungeni kibendera juu ya fimbo ya mvinje, si ya mkoko. Nanga iwe gunia la mchanga lililoshonwa vizuri, likae kwenye mchanga kando ya mwamba. Kamba msiifunge kwenye tumbawe hai, itakuwa inalisaga mchana na usiku. Baada ya kila bamvua mtu azunguke akaze na kuhesabu.

Kulinda

Mchana mwamba unajilinda, macho ni mengi. Hatari ni bamvua ya usiku. Maji yanakupwa tena kama saa nne usiku, bahari imetulia, na mtu mwenye kurunzi anaokota pweza kama anaokota embe. Kwa hiyo wekeni zamu kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku kwa siku zile sita au saba za bamvua, mara mbili kwa mwezi. Siku za maji mafu laleni. Tulipokuwa tunalinda kila siku, watu walichoka ndani ya wiki tatu na zamu zikafa.

Walinzi wawe wawili wawili, wa koo tofauti. Ukimkamata mtu usimpige, usimwage samaki wake, na chombo chake usikichukue bila kuandika. Andika saa, mahali, alichonacho, mashahidi. Asubuhi apelekwe mbele ya kamati.

Mtu wa kwanza tuliyemkamata alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa damu. Alikuwa na pweza watatu kwenye kikapu, na mdogo wao alilala wote kwenye kiganja changu, minyiri, yaani mikono yake, ikanizunguka kidole gumba. Usiku ule dada alikuja kwangu akaniomba niseme tu sikumwona. Nilimwambia, "Dada, daftari la zamu nimeshaandika." Faini ililipwa yote mbele ya watu, na dada yangu hakukanyaga uani kwangu msimu mzima wa kaskazi. Iliniuma na bado inaniuma. Lakini mwaka ule hatukumkamata mtu mwingine, kwa sababu kila mtu aliona kwamba mtoto wa nyumba ya katibu amelipa.

Siku ya kufungua

Hapa ndipo miamba mingi inapofia. Miezi mitatu ya subira inaweza kuliwa kwa siku mbili.

Mara yetu ya kwanza hatukuweka utaratibu wowote zaidi ya tarehe. Alfajiri tukakuta ngalawa za vijiji ambavyo hatujui walipataje habari. Watu waliingia wote kwa pamoja, kila mmoja na nondo, na kufika saa sita mwamba ulikuwa kama shamba lililopitiwa na nguruwe, matumbawe yamepinduliwa chini juu. Pweza walikuwa wengi na wakubwa, hilo sikatai. Lakini mnunuzi alikuwa mmoja, barafu ikamwishia, akashusha bei elfu mbili kwa kilo kati ya saa nne na saa saba. Tungefanya nini? Pweza keshakufa, jua linawaka. Tulijipalia makaa wenyewe, kama pweza. Bamvua iliyofuata niliingia mwambani saa tatu nzima nikatoka na pweza mmoja.

Sasa tunafanya hivi. Wiki mbili kabla, tunakaa na wanunuzi, wasiopungua wawili, na bei ya siku zote za bamvua inaandikwa na kusainiwa, pamoja na kiasi cha barafu atakachokuja nacho kila mmoja. Mnunuzi asiye na barafu hatumsikilizi hata bei yake iwe tamu. Siku ya kwanza wanaingia wa miguu peke yao, wenye majina kwenye orodha ya kijiji. Siku ya pili wazamiaji. Wageni wa vijiji tulivyokubaliana navyo wanaanza siku ya tatu. Kila mtu anaingia na mti mmoja mwembamba. Nondo na mtaimbo vinabaki ufukweni kwa mlinzi wa orodha. Tunaanza kwa filimbi na tunatoka kwa filimbi, maji yanapoanza kurudi.

Suala la nusu kilo linatatuliwa kabla ya kumchoma pweza kwa mti, si kwenye mizani. Pweza aliyekwisha kuchomwa ukimrudisha majini umerudisha mzoga. Wiki moja kabla ya kufungua tunanunua pweza wachache wa nusu kilo kamili kutoka mwamba ulio wazi, na kila mwanamke anamshika mmoja mmoja mpaka mkono wake uujue uzito ule na macho yake yaujue ukubwa wa kichwa. Mwambani unainama, unaangalia tunduni, unapima kwa macho. Una shaka, mwache.

Jike anayelinda mayai ni wa kuachwa bila mjadala, na kumtambua kunahitaji utulivu. Tundu lake limezibwa kwa mawe madogo yaliyopangwa kwa ndani, na mlangoni hakuna maganda mapya ya kaa, kwa sababu hali. Nilimwona mmoja vizuri katika ufunguzi wetu wa tatu. Maji yalikuwa ya magotini na hakuna upepo. Ndani, kwenye dari la tundu, mayai yalining'inia kwa mashada meupe, kila yai dogo kuliko punje ya mchele, na yeye amekaa chini yake akiyapulizia maji, rangi imempauka. Niliingiza mti polepole. Pweza wa kawaida huukamata mti, na hapo ndipo unapompata. Huyu alinyoosha mnyiri mmoja, akaugusa, akausukuma nje. Niliurudisha mara ya pili akausukuma tena. Nikaita wasichana wawili waliokuwa karibu waje waone, kisha tukapanga jiwe lililoanguka na kuondoka. Hata kwa hesabu ya pesa hana faida, mwili wake umeshakonda na nyama ni laini.

Ufukweni kila pweza anapita kwenye mizani kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Kama una mtu mwenye macho mazuri aandike pia jinsia: hesabu minyiri ya kulia kutoka mbele, wa tatu, kama vikombe vya kunatia havifiki hadi ncha, ni dume. Kiasi kidogo kwa kila kilo kinakwenda mfuko wa BMU, kiasi hicho kikiwa kimepitishwa na mkutano, na jioni ile ile jumla inasomwa kwa sauti chini ya mkungu, shilingi kwa shilingi. Msingoje kesho. Maneno ya wizi huzaliwa usiku wa kwanza.

Kipande cha kaskazini cha mwamba wa miguu hatukifungui kabisa. Kilipitishwa kwa kura chache, na kila mwaka kuna anayeomba kifunguliwe. Mimi nitaendelea kukitetea. Pale ndipo majike wanapobaki.

Baada ya kufungua, endeleeni na daftari kwa bamvua nyingine mbili, kwa namna ile ile ya mwanzo, ili mlinganishe. Na mizani, kila jioni ioshwe kwa maji baridi, si ya bahari, ifutwe hadi ndoana ya chini ikauke, itundikwe ndani ya nyumba ya mtu mmoja anayejulikana. Yetu ya kwanza ililiwa na kutu, mshale ukakwama kwenye gramu mia mbili katikati ya foleni, na siku ile kila mtu alidai pweza wake alikuwa zaidi ya kilo.